Namba za simu za wanachama wote zimegeuka 2147483647, na naambiwa eti ni namba tasa

FundiSeva_Moro

Wakuu, habari za majukumu.

Nina mambo mawili, moja la kazi na jingine linaniwasha tu kichwani.

La kazi kwanza. Nimepokea mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Morogoro. Ni chama kidogo, na aliyeutengeneza mfumo alishaondoka zamani. Umeandikwa kwa lugha ya PHP, na kanzidata yake ni MySQL. Namba za simu zilikuwa zinakaa bila ile sifuri ya mbele, tarakimu tisa tu. Kampuni inayotutumia meseji ikabadili masharti, ikataka kila namba ianze na 255. Kabla sijaanza kazi, mtu wa zamu akaandika amri moja ya kuongeza 255 mbele ya namba zote, akaiendesha usiku, akaenda zake kulala. Kulipokucha, kuanzia mwenyekiti hadi mama anayeuza mchicha pale soko la Mawenzi, wote wana namba moja ya simu: 2147483647.

Mhasibu alipoiona alijua kuna mtu kajisajili kwa majina ya watu wote ili avute mikopo. Ilibaki kidogo waitwe polisi.

La pili. Nimeitafuta hiyo namba mtandaoni nikidhani nitakuta habari za wizi, nikakuta watu wanasema ni namba tasa, tena ilithibitishwa miaka ya 1700. Sasa najiuliza: waliotengeneza kompyuta waliichagua kwa sababu ni tasa? Na huyo wa miaka ya 1700 alijuaje? Ina tarakimu kumi, na kikokotoo hakikuwepo.

Nawasilisha.

Kibatari

Pole mkuu. Hapo hakuna mwizi. Safuwima ya simu iliwekwa INT, yaani aina ya namba nzima za hesabu, na INT ya MySQL mwisho wake ni hiyo 2147483647, bilioni mbili na ushee. Namba ya tarakimu tisa inaingia vizuri. Ukibandika 255 mbele unakuwa na bilioni mia mbili hamsini na tano na zaidi, haiingii. MySQL iliyoachwa bila masharti makali haigomi. Inaweka namba kubwa kabisa inayoiweza, halafu inatoa onyo ambalo hakuna anayelisoma.

Usihangaike kuzitafuta namba za zamani ndani ya jedwali hilo, hazimo tena. Chukua nakala ya akiba, irudishe kwenye kanzidata ya pembeni, badili safuwima iwe VARCHAR(15), ndipo uunganishe 255 kama maandishi. Kisha washa STRICT_TRANS_TABLES, ili siku nyingine igome badala ya kukutungia namba. Simu haijumlishwi wala haizidishwi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuihifadhi kama hesabu.

Kichekesho ni kwamba ukiisoma kwa mpangilio wa Marekani, 214 ni eneo la Dallas kule Texas. Wanachama wako wote wamehamia Dallas.

Hilo la utasa namwachia Mwalimu, najua anasoma hapa.

Mwalimu_Mstaafu

Nimeitwa, nimekuja.

Kijana wa Morogoro, swali lako la pili ni zuri kuliko la kwanza, Kibatari anisamehe. Nimefundisha hesabu sekondari hadi nywele zikaisha, na watoto waliouliza "alijuaje" walikuwa wa kuhesabu.

Jibu la haraka: hapana, haikuchaguliwa kwa sababu ni tasa. INT ina biti 32, yaani nafasi 32 za kuweka 0 au 1. Moja inatumika kwa alama, kujua kama namba ni chanya au hasi. Zinabaki 31. Zote zikiwa 1 umefika mwisho, na hapo thamani yake ni 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Iwe tasa isiwe tasa, ukuta ungekuwa palepale.

Watazame ndugu zake uone. Wa biti 8 anaishia 127, na 127 ni tasa. Wa biti 16 anaishia 32767, ambayo ni 7 × 31 × 151, basi si tasa. Wa biti 32 ni huyu wako, tasa. Wa biti 64 anaishia 9223372036854775807, na huyo anagawanyika kwa 7, ukimaliza anagawanyika kwa 7 tena. Ukiitumia na ile biti ya alama ukapata biti 32 kamili, unafika 4294967295. Hiyo inaishia na 5, haihitaji mwalimu. Vigawo vyake ni 3, 5, 17, 257 na 65537, na kila kimoja ni 1 zaidi ya 2, 4, 16, 256 na 65536. Nikiingia humo hatutoki leo.

Kwa nini 31 inafaulu na 63 inafeli? Kwa sababu 63 si tasa. Namba hizi zikiandikwa kwa biti ni mistari ya moja tupu. Moja 63 mfululizo zinakatika mafungu ya tatu tatu bila kubaki, na fungu la moja tatu kwa biti ni 7. Kwa hiyo 7 inaigawanya namba nzima. Ni jambo lile lile linalofanya 111111 ya kawaida igawanyike kwa 111. Moja 31 hazikatiki mafungu sawa, maana 31 yenyewe haigawanyiki. Basi kipeo lazima kiwe tasa.

Ila hilo halitoshi, na hapa ndipo wengi huteleza. 11 ni tasa, lakini 2 kwa kipeo cha 11 toa 1 ni 2047, ambayo ni 23 × 89. Kipeo 23 nacho kinaanguka, 29 kinaanguka. 31 kinasimama. Padri mmoja wa Ufaransa, Marin Mersenne, mwaka 1644 alichapisha orodha ya vipeo alivyoamini vinazaa namba tasa, hadi 257. 31 imo, na kwa hiyo alikuwa sahihi. Kwa 67 na 257 alikosea, na 61, 89 na 107 akaziruka. Hakuonyesha njia, na mimi asiyeonyesha njia sikuwa nampa alama hata jibu likiwa sahihi.

Alama anazipata Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel kule Uswisi. Mwaka 1772 alikuwa Petersburg nchini Urusi, umri umeshapita miaka sitini, macho karibu yote yamekwisha. Hesabu alikuwa anazifanya kichwani na kuwasomea wasaidizi waandike. Taarifa ya namba hii aliitoa katika barua kwa mtu wa ukoo wa Bernoulli.

Sasa njia. Ile ya nguvu ni kugawanya kwa kila namba tasa hadi kwenye kipeuo cha pili, ambacho ni 46340 na desimali. Huna haja ya kuvuka hapo, maana kama kuna kigawo kikubwa kuliko hicho, mwenzake ni mdogo kuliko hicho. Namba tasa chini ya 46340 ni zaidi ya 4700. Kwa mkono, kwa mtu asiyeona, ni adhabu.

Euler alizipunguza kwanza. Chukua namba tasa yoyote, tuiite q, useme inaigawanya 2147483647. Maana yake ni kwamba 2 kwa kipeo cha 31, ukiigawanya kwa q, inabakisha 1. Anza na 1, zidisha kwa 2, zidisha tena kwa 2, na kila ukivuka q chukua baki. Hatua ya 31 inakurudisha kwenye 1. Huwezi kuwa ulisharudi kabla, kwa sababu mzunguko mfupi ungelazimika kuigawanya 31, na 31 haigawanyiki. Mwanahesabu Mfaransa, Fermat, naye alishaonyesha kwamba baada ya hatua q − 1 lazima uwe kwenye 1. Basi hatua q − 1 ni mizunguko kamili ya 31. Yaani q − 1 inagawanyika kwa 31. Na kwa kuwa q ni witiri, q − 1 ni shufwa, kwa hiyo inagawanyika kwa 62.

Pima kanuni hiyo kwa 2047. Kipeo ni 11, kwa hiyo vigawo lazima vizidi kigawe cha 22 kwa moja. 23 ni 22 + 1. 89 ni 88 + 1. Haikosei.

Kuna chujio la pili. Kama 2 kwa kipeo cha 31 inabakisha 1, basi 2 kwa kipeo cha 32 inabakisha 2. Lakini 2 kwa kipeo cha 32 ni mraba wa 65536. Kwa hiyo kuna mraba unaobakisha 2 ukigawanywa kwa q, na hilo hutokea tu kwa namba tasa witiri zinazobakisha 1 au 7 zikigawanywa kwa 8. Uthibitisho wa kipande hicho ni wa ubao mzima, hapo niaminini.

Machujio mawili kwa pamoja yanasema hivi: q ikigawanywa kwa 248 lazima ibakishe 1 au 63. Kutoka hapo hadi 46340 ni namba 373 tu, na nyingi si tasa, unazitupa kwa macho. Zinazobaki za kujaribu hazifiki mia moja. Kutoka elfu nne na mia saba hadi chini ya mia kabla hujagawanya hata mara moja! Hapo ndipo ilipo kazi ya Euler, kugawanya kwenyewe ni uvumilivu tu.

Ya kwanza ni 311. Twende pamoja, kwa ule mgawanyo mrefu wa darasani. 2147 kwa 311 ni 6, baki 281. Shusha 4, 2814 ni 9, baki 15. Shusha 8, 158 haitoshi, andika 0. Shusha 3, 1583 ni 5, baki 28. Shusha 6, 286 haitoshi, 0. Shusha 4, 2864 ni 9, baki 65. Shusha 7, 657 ni 2, baki 35. Jibu ni 6905092 baki 35. 311 imeshindwa.

Zinazofuata ni 1303 na 1489. Hizo ni zako. Lete baki hapa, na tumia karatasi. Kikokotoo ruksa kuhakiki tu (nasema cha kawaida, si kile cha pensheni, hicho sina hamu nacho).

Mtaa_wa_Saba

Heshima kwako mwalimu, ila mimi ni mfanyabiashara na huwa nauliza swali moja tu: inaingiza nini? Watu hawapati meseji za marejesho, nyie mko na mzee kipofu wa Urusi.

Mwalimu_Mstaafu

Mtaa wa Saba, una mwenzako wa zamani. Ukizidisha namba hii kwa 2 yenye kipeo cha 30 unapata 2305843008139952128. Ni sawa kabisa na jumla ya vigawo vyake vyote ukiondoa yenyewe, kama 6 ilivyo 1 + 2 + 3. Wenyewe huziita namba timilifu. Ni pia jumla ya 1 + 2 + 3 hadi kufika 2147483647. Mwaka 1811 Mwingereza mmoja, Peter Barlow, aliandika kwamba hiyo ndiyo kubwa kabisa itakayopata kugunduliwa, maana namba hizo ni za kustaajabia tu, hazina kazi, na hakuna atakayejisumbua kwenda mbele yake.

Wakajisumbua. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba 2 kwa kipeo cha 127 toa 1 ni tasa, tarakimu 39. Alipata njia ya kupima bila kugawanya kabisa. Unaanza na 4. Unaweka mraba, unatoa 2, unachukua baki. Kwa 31, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 5 toa 1, unapata 4, kisha 14, kisha 194 inayobakisha 8, kisha 62 inayobakisha 0. Ukitua kwenye 0 hatua ya mwisho, ni tasa. Kwa namba ya kijana huyu ni kuweka mraba mara 29, basi. Lehmer wa Marekani aliinyoosha baadaye, na kompyuta za leo bado zinaitumia kuthibitisha. Oktoba 2024 kilitangazwa kipeo 136279841, namba yenye tarakimu 41024320, aliyeipata ni Luke Durant.

Kuhusu kuingiza, nasubiri wanaoandika programu waseme. Mimi nililipwa kwa kufundisha, wala haikuingiza sana.

Binti_Kojani

Asalaam alaykum. Shikamoo mwalimu.

Mtaa wa Saba, kazi ipo, tena pengine simu yako inaifanya ukicheza karata humo. Kompyuta haijui kubahatisha, inahitaji kanuni ya kutoa namba zinazofanana na za kubahatisha. Kanuni moja ya zamani sana ni hii: chukua namba uliyonayo, zidisha kwa 16807, gawanya kwa 2147483647, baki ndiyo namba mpya. Ukianza na 1 unapata 16807, halafu 282475249, halafu 1622650073, halafu 984943658, na kuendelea. Lewis, Goodman na Miller waliitoa mwaka 1969 kwa mashine za IBM, na mwaka 1988 Park na Miller wakaipendekeza kama kiwango cha chini ambacho kanuni nyingine zisishuke. Ndani ya lugha ya programu ya C++ bado ipo, inaitwa minstd_rand0. Wakubwa walioandika C++ wameweka na jibu la kujihakiki: namba ya elfu kumi ukianza na 1 ni 1043618065.

Na hapa, ndugu yangu wa Morogoro, ndipo utasa unapolipa. Kwa kuwa 2147483647 ni tasa, ukizidisha namba mbili ambazo haizigawanyi, huwezi kupata kitu inachokigawanya. Kwa hiyo baki haliwi sifuri hata siku moja. Lingekuwa sifuri, kanuni ingekufa hapo, sifuri mpaka kiyama. Na 16807 haikuokotwa njiani. Ni 7 kwa kipeo cha 5. Ukizidisha kwa 7 tu na kuchukua baki unapita kila namba kuanzia 1 hadi 2147483646 ndiyo urudi mwanzo, hakuna iliyorukwa. Kipeo 5 hakiharibu sifa hiyo kwa sababu 2147483646 ni 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331, hakuna 5 humo. 7 yenyewe ni ndogo mno, namba zinafuatana kwa mpangilio unaoonekana, ndiyo wakaiongeza nguvu.

Tena kugawanya kwa namba hii ni rahisi kwa mashine. 2 kwa kipeo cha 31 inabakisha 1, basi jibu la kuzidisha unalikata kwenye biti ya 31, kipande cha juu unakijumlisha na cha chini, jumla ikivuka unaitoa 2147483647 mara moja, umemaliza. Ndivyo mwalimu alivyotufundisha kupima 9 kwa kujumlisha tarakimu.

Ila nakutahadharisha. Usiitumie kanuni hii kutunga namba za siri za kuingilia akaunti, wala kuchezesha droo ya wanachama. Mtu akiiona namba moja nzima anaijua inayofuata, na inayofuata hiyo. Tumia kifaa cha siri cha lugha yenyewe, kwa PHP ni random_int.

Jambo la pili, na hili ni la chama chako moja kwa moja. Kompyuta nyingi zinahesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Zinazotumia biti 32 zenye alama, sekunde zitafika 2147483647 Jumanne tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa zetu ni saa 12 asubuhi na dakika 14 na sekunde 7. Sekunde inayofuata haiingii. Mashine nyingine zitaruka kwenye hasi, ziseme ni tarehe 13 Desemba 1901. Mkopaji wako ataonekana anadaiwa tangu enzi za Mjerumani.

Usiseme 2038 ni mbali. Mkopo wa nyumba wa miaka kumi na mitano unaotolewa sasa unamalizika baada ya hapo, na mfumo unaandika tarehe ya mwisho leo. Tazama kama kuna safuwima za tarehe za aina ya TIMESTAMP. Kwenye MySQL zinaishia sekunde hiyo hiyo. Badili ziwe DATETIME.

Mtaa_wa_Saba

Hapo kwenye mkopo umenigusa. Endeleeni.

FundiSeva_Moro

Shikamooni wote mnaostahili.

Nakala ya akiba imepatikana, si kwenye seva bali kwenye flashi ya mhasibu, imefungwa na karatasi za risiti kwa mpira. Ni ya wiki kadhaa nyuma. Waliojiunga baada ya hapo wako wachache, nawapigia kupitia viongozi wa vikundi vyao. VARCHAR imekaa, masharti makali yamewashwa, meseji zimeanza kwenda jana jioni. Mwenyekiti ametumiwa ya kwanza, akajibu "nani mwenzangu?"

Dada wa Kojani, TIMESTAMP nimezikuta mbili, na moja ndiyo ya tarehe ya mwisho wa mkopo. Nimezibadili. Ahsante sana, hilo nisingelijua.

Mwalimu, 1303 imenipa 1648107 baki 226. 1489 imenipa 1442232 baki 199. Ya pili nilirudia maana niliona sifuri mbili za katikati hazieleweki.

Sasa nina swali jingine, nisamehewe. Kama 31 ni tasa na ikazaa 2147483647 ambayo ni tasa, je, nikiichukua 2147483647 yenyewe nikaifanya kipeo, 2 kwa kipeo hicho toa 1, nitapata tasa nyingine? Maana 2 inazaa 3, 3 inazaa 7, 7 inazaa 127.

Mwalimu_Mstaafu

Marahaba. Yote mawili sahihi. Ila kwenye 1442232 mimi sioni sifuri hata moja, sijui hizo mbili umezitoa wapi. Peleka daftari kwa mwenzako akukague.

Swali lako limewahi kuwasumbua watu wenye majina. Mnyororo ulioutaja unaendelea hatua moja zaidi: 127 inazaa ile ya Lucas ya tarakimu 39, tasa. Ukianzia kwingine, 5 inazaa 31, na 31 inazaa hii yako. Mtu akiona hivyo lazima aamini kuwa tasa ya namna hii inazaa tasa daima. Jaribu basi 13. Inazaa 8191, ni tasa. Lakini 2 kwa kipeo cha 8191 toa 1 si tasa. 17 hivyo hivyo, 19 hivyo hivyo, ngazi ya pili inakatika. Na kwa 2147483647 nako imekatika.

Namba hiyo ina tarakimu 646456993. Kuisoma tu kwa sauti, tarakimu moja kila sekunde bila kulala, ni zaidi ya miaka ishirini. Lakini kigawo chake kinaenea kwenye kiganja: 295257526626031. Tumia chujio lile lile la Euler. Kigawo lazima kizidi kigawe cha kipeo kwa moja. 2147483647 × 137490 ni 295257526626030. Ongeza 1, ndicho hicho. Na kikigawanywa kwa 8 kinabakisha 7. Kwa hiyo waliokitafuta hawakutafuta porini. Walipita kwenye mstari ule ule aliouchora Euler, wakijaribu kizidisho kimoja baada ya kingine.

Ukitaka kukihakiki usijaribu kuiandika namba yenyewe. Anza na 2. Weka mraba, gawanya kwa 295257526626031, chukua baki, weka mraba tena. Fanya hivyo mara 31. Ukirudi kwenye 2 umethibitisha, kwa sababu mara 31 za mraba ni 2 kwa kipeo cha 2147483648, moja zaidi ya kipeo chetu. Kwa mkono sikushauri, miraba yake inafika tarakimu 29.

Kibatari

Nimeijaribu kwa Python, mstari mmoja: pow(2, 2**31 - 1, 295257526626031). Imetoa 1 kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe. Kwa mzunguko wa mwalimu nao, mara 31, inarudi 2. Anayetaka kwa PHP atumie gmp_powm, namba za kawaida za biti 64 zitafurika kwenye ule mraba.